Bolti Uliyonipa Nikiwa kwa Simu

Kwako Baba,

Bunduki yako imerudi nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Imerudi kwa jina langu, leseni ninayo, na imefungiwa ndani ya sefu iliyopigiliwa ukutani hapa kwangu Membley. Risasi ziko chumba kingine, na ufunguo wake uko mbali na huu, kama ulivyotaka. Jana niliimalizia ile darubini uliyoiacha nusu. Lakini kabla sijakuambia imepiga wapi, kuna mambo mawili lazima niyaseme, na yote mawili yananitia aibu. Nikijaribu kuyasema kwa mdomo nalia, kwa hivyo acha niandike.

Wengine watakaosoma barua hii hawakukujua, basi nivumilie nikikueleza wewe mwenyewe mambo yako. Ulikuwa fundi wa bunduki. Ujana wako wote ulikuwa mbugani ukizitengeneza bunduki za askari wa wanyama. Ulipostaafu ukapata kibali cha kuendelea na kazi hiyo hiyo kwa watu wa mchezo wa shabaha, wale wenye leseni zao, kwenye kile kichumba cha mabati kando ya uwanja ulio ndani ya machimbo ya mawe ya zamani, ukishapita Mugutha. Asubuhi ulitoka Makongeni na koti lako la kijivu, jioni ukarudi vidole vinanuka mafuta ya mashine. Mama alikuwa akisema, "Huyu hata akioga mara tatu bado ni gareji." Nawe ulicheka, ukaomba chai.

Kazi uliyoipenda kuliko zote ni kufunga darubini juu ya bunduki na kuipiga ziro, yaani kuhakikisha pale jicho linapoangalia ndipo risasi inapofika. Watu walidhani ni mambo ya kukaza skrubu nne na kwenda zako. Walikuja na darubini mpya kwa boksi, wanataka wapige siku hiyo hiyo. Ulikuwa unawaangalia juu ya miwani yako. "Bwana, rudi Jumamosi," unawaambia. "Kama una haraka, nenda ukacheze mpira."

Na kila kazi ilianza na bolti. Nafikiri hata usingizini ungeianzia hapo. Unaelekeza mtutu kwenye ukuta wa mchanga, unatoa bolti, kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani na kuipiga. Ikishatoka, bunduki ni bomba tu, huwezi kufyatua kitu hata ukitaka. Unachungulia ndani kwa jicho, kisha unaingiza kidole kidogo, kwa sababu jicho, ulisema, huona kile linachotaka kuona. Halafu ndipo unafanya lile jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Bolti hukai nayo wewe. Unampa mtu mwingine, mtu asiyegusa hiyo kazi, unamwekea kwenye kiganja na huiachilii mpaka akujibu.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sawa. Hata mimi nikikuomba kabla sijamaliza, nikatalie."

Na ulifunga kikaratasi kwa uzi kwenye kila bolti, kadi ngumu uliyokata kwenye majalada ya daftari zangu za shule, umeandika bunduki ni ya nani na bolti imeshikwa na nani.

Mtu huyo wa kushika alikuwa Mama. Jumamosi alikuja na wewe uwanjani, akaketi kwenye stuli mlangoni akichagua maharagwe ya githeri, na bolti imeuvuta mfuko wa aproni upande mmoja. Siku moja mteja wako, yule mnene wa suti, akakuuliza, "Kwani Mama naye ni fundi?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Huyo ndiye sefti," yaani kile kizuizi cha bunduki isijifyatulie. Mama akajifanya hajasikia. Lakini jioni nzima alitembea kwa madaha nyumbani, haki, hata chapati siku hiyo zilikuwa laini.

Sasa jambo la kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimekaa na wewe kwenye hiyo meza likizo baada ya likizo. Nilijua kusafisha matundu ya skrubu kwa spiriti ili yasiwe na mafuta. Nilijua kukaza pete kidogo kidogo, huku kisha kule, nafasi ya kushoto iwe sawa na ya kulia. Nilijua kutundika timazi ya fundi wa nyumba ukutani ili ule msalaba mwembamba ulio ndani ya darubini usilale upande. Na nilijua ile ya macho. Ulinifundisha nikiwa hata shavu langu halifiki vizuri kwenye kitako cha bunduki: funga macho, weka bunduki begani vile unavyojisikia, kisha fungua. Ukiona duara lote limejaa mwanga, darubini iko mahali pake. Ukiona weusi pembeni, isogeze yenyewe, usisogeze kichwa. Kwa sababu bunduki kubwa inarusha teke, na darubini ikiwa karibu sana na jicho, inakuja na teke hilo.

Ile Jumamosi ukaniambia, "Maitu, leo ni yako. Mimi sigusi." Uliniita maitu, mama yangu, kwa vile nimebeba jina la nyanya, mama yako. Nilivimba kichwa, Baba! Nilifunga ile darubini ya bunduki yako mwenyewe, ile ile, nikaisogeza nyuma zaidi kwa sababu picha ilionekana kubwa na nzuri nikiwa nimenyoosha shingo. Ile ya kufunga macho sikuifanya. Niliona ni ya watoto, na mimi si mtoto tena. Nilipomaliza, hukukagua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba wewe uliyekagua kila kitu mara mbili hukukagua kazi yangu. Ulichukua bolti kwa Mama, ukalala nyuma ya mifuko ya mchanga, ukapiga.

Damu ilishuka mpaka kwenye kola. Ukingo wa darubini ulikuchora nusu duara juu ya nyusi ya kulia, safi kabisa. Mama alipiga nduru, "Ngai! Wamekuua!" na wewe ukainua mkono, ukafungua bunduki, ukatoa bolti, ukamrudishia yeye huku unavuja damu. Baadaye ndipo ulishika kitambaa.

Watu wa uwanjani wakaja mbio. Wakauliza imekuwaje. Nilifungua mdomo, nawe ukanitangulia. "Nimejigonga," ulisema. "Nilifunga mwenyewe, nikaweka karibu sana. Uzee huu."

Kila mpiga shabaha anaijua alama hiyo. Ni alama ya mtu aliyeshika bunduki juzi. Fundi kuwa nayo ni kichekesho, na walikucheka, miaka yote hiyo, kila mteja mpya alipokuangalia usoni kuna mwenzake aliyemnong'oneza. "Fundi aliyejigonga." Ulicheka nao. Nami nilinyamaza. Likizo iliyofuata sikuja kwenye meza, na ile iliyofuata pia. Nikaenda kusomea miwani, nikafungua duka langu Ruiru, nikawa nawafungia watu lenzi zisizompiga mtu teke. Hukuniuliza kwa nini. Na mimi kimya chako nilikitafsiri hivi: Baba ameona mimi si mtu wa kuaminiwa.

Mama alipotuacha, nilichukua leseni ya mchezo ili nipate sababu ya kuwa na wewe Jumamosi. Unajua nilichokuwa nakifanya pale? Nilipiga tu. Bunduki ya klabu, ikiwa tayari imefungwa na wengine. Spana sikugusa. Na bolti ya bunduki yako nilikuona ukimpa Mama Halima, jirani yetu wa Makongeni mwenye duka la viungo, ambaye Jumamosi alimwachia dada yake duka aje kuketi kwenye stuli ya Mama. "Umeshika?" "Nimeshika, mzee." Mimi nimesimama hapo, binti yako wa pekee, mwenye leseni, na bolti inapita mbele yangu kwenda kwa jirani. Nilimwonea wivu mama wa watu, Baba. Niseme ukweli, nilimchukia kidogo.

Jambo la pili linaanzia hapo.

Jumapili ile ya mwisho nilikuja Makongeni baada ya kanisa. Nilikuta umetoa darubini ya zamani kwenye bunduki yako na umeanza kufunga mpya. Kitako cha darubini kilikuwa kimekaa, pete za chini zimekaa, za juu bado. Ulikuwa umekaa kitini unapumua kwa mdomo. Ukasema macho yamechoka, tutamaliza Jumamosi. Ukasema "tutamaliza", si "nitamaliza". Hilo nililikumbuka baadaye. Wakati huo nilikuwa na haraka, na simu ikalia. Ni mteja wangu, yule mama wa Mugutha ambaye miwani yake ilikuwa imekuja na lenzi za mtu mwingine, ananifokea kama nimemwibia macho. Ulinisindikiza mpaka mlangoni na mfuko wa nduma, yaani magimbi. Uliuweka mkononi mwangu, ukaushikilia. Nakumbuka niliuvuta na haukuja.

"Umeshika?"

Nilikuangalia? Hapana. Nilikuwa nasema kwa simu, "Mama, nisikize, kesho asubuhi utakuta ziko tayari." Nikageuza mdomo kidogo pembeni, "Nimeshika, Baba, nimeshika," nikarudi kwa simu. Ukaachilia. Nilipofika barabarani nilikupungia bila kugeuka vizuri.

Jumanne moyo wako ukasimama. Majirani walikukuta kitini kwako, koti la kijivu limekunjwa juu ya magoti.

Siku ya mazishi, yule mteja wako wa suti akasimama kukuaga. Alikusifu vizuri, sina neno. Halafu akasema, "Na ile alama, si mnaikumbuka? Fundi wetu aliyejigonga mwenyewe!" Watu wakacheka kile kicheko cha matanga, cha kujisahaulisha. Nilikuwa mstari wa mbele. Nikaangalia viatu vyangu.

Wiki iliyofuata nilipeleka bunduki yako kituoni, maana leseni ya mtu huisha na mwenyewe. Inspekta wa silaha ni mama mmoja mwembamba, sauti yake haipandi wala haishuki. Akafungua begi, akaangalia nyuma ya bunduki, akachungulia ndani mpaka nje upande wa pili.

"Hii ni bunduki ama ni bomba la maji?"

Nikamwambia bolti haikuwa kwenye sefu. Nikamweleza desturi yako. Akaandika kitu, akasoma, akakifuta.

"Hiyo desturi ya baba yako sheria haiijui," akasema. "Bolti ni silaha, hata ikiwa peke yake. Nakupa mpaka Ijumaa saa kumi. Usipoileta unaandika statement, na jina lake linaingia kwa orodha ya waliopoteza silaha. Pole, lakini ni hivyo."

Baba, wewe! Wewe ambaye skrubu ikianguka sakafuni hukula mpaka ipatikane. Jina lako liandikwe kwa kalamu ya serikali pamoja na walevi waliosahau bastola baa.

Nilipindua nyumba yako. Nilimwaga mchele, nikapasua godoro, nikachokora sinki. Nilifungua kila kopo la skrubu, na unajua yako mangapi. Jumatano nikafanya lile lililokuwa kichwani tangu mwanzo. Nikagonga mlango wa pili.

Mama Halima alikuwa anakausha iliki kwenye sinia. Sikumsalimu vizuri. Nikamwambia nimekuja kuchukua bolti ya baba yangu.

"Sina, mwanangu."

"Mama Halima, tafadhali. Ni wewe alikuwa anakupa."

"Alinipa, ndiyo. Mwezi uliopita akaja kuichukua. Akanishukuru, akaniambia kuanzia sasa ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Sikumuuliza. Nilidhani ni wewe."

Nikacheka, Baba. Kicheko kibaya. Nikamwambia baba yangu tangu nina miaka kumi na tisa hajaniwekea hata skrubu mkononi, na kama yeye, Mama Halima, ameipoteza ama ameiuza aseme tu, tujue moja. Nilisema "ameiuza". Kwa mtu aliyekulisha uji wiki nzima ulipougua kifua. Aliweka sinia chini polepole, akafuta mikono na leso.

"Wallahi sina," akasema. "Na nikwambie kitu kingine, kwa kuwa umeamua kunitukana. Ile stuli nilikuwa naikalia nikiwa na aibu. Nilimwambia mzee, mbona humpi binti yako, si yuko hapa? Akaniambia, 'Huyo siwezi kumlazimisha. Siku akirudi mezani mwenyewe atashika.' Sasa nenda."

Akafunga mlango bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Alhamisi nilifungua duka kwa sababu sikujua pa kwenda. Wateja walikuja, nikawapima, sijui niliwapima nini. Jioni nikarudi Membley nikijua kesho naenda kuliandikisha jina lako. Nikaingia jikoni nipike kitu chochote. Nyuma ya mlango ulining'inia ule mfuko wako. Nduma zilikuwa zimeanza kuota, na sikuwa nimezigusa tangu Jumapili ile, maana baada ya habari ya Jumanne nani angechemsha nduma. Nikaushusha ili nizitupe. Ukanivuta mkono. Nikasema moyoni, nduma gani nzito hivi.

Chini kabisa kulikuwa na soksi yako ya sufi, imefungwa fundo. Sikuifungua hapo hapo. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye friji, nikaishika kupitia kwa sufi na nikaijua, kwa sababu chuma hicho nimekijua tangu utotoni. Ulikuwa umekuja mlangoni, ukaniwekea mkononi, ukashikilia, ukauliza kama unavyouliza siku zote, na ukangoja jibu. Na mimi nilikujibu. Nilijibu maneno yote sawasawa, Baba, na sikujua ninajibu nini.

Kikaratasi kilikuwa kwenye uzi wake. Kadi ya jalada la daftari langu, ile ya kijani, nilitambua hata kipande cha jedwali la kuzidisha nyuma yake. Kilikuwa na majina matatu. La kwanza ni la Mama, umelipitishia mstari mmoja mwembamba kwa rula. La pili "Mama Halima", na mstari. La tatu, kwa mwandiko wa mkono uliokuwa tayari unatetemeka: "Maitu."

Nililia mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Woi, Baba, nililia.

Ijumaa nilikuwa kituoni kabla hawajafungua. Inspekta akaichukua, akaiingiza kwenye bunduki, ikaingia kwa ile sauti yake. Akauliza ilikuwa wapi. Nikasema ndani ya nduma. Akasoma kikaratasi, pande zote mbili, mpaka jedwali la kuzidisha.

"Wewe ndiye Maitu?"

"Ni mimi."

"Una leseni?"

Nikamwonyesha.

"Basi haikupotea," akasema. "Ilikuwa na mshikaji mwenye leseni." Akafunga kitabu cha waliopoteza silaha, jina lako halimo, akanipa fomu za kuomba bunduki ihamie kwangu. Nilipotoka aliniita tena. "Na usiwahi kubeba silaha kwa mfuko wa nduma." Nikamwambia sitawahi.

Kutoka hapo nilikwenda Makongeni moja kwa moja. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisimama mlangoni pa Mama Halima nikasema, "Ilikuwa kwangu. Alinipa mimi. Nilikuwa kwa simu." Nikamwambia nimemkosea vibaya na sijui nianzie wapi. Alinitazama, akasema, "Anzia kuingia ndani, unanizibia mwanga." Chai yake bado ina tangawizi ya kuunguza koo. Hakunisamehe siku hiyo, na hakujifanya amenisamehe. Ilichukua miezi, sawa na leseni ya bunduki yako.

Jana ilikuwa Jumamosi. Msimamizi wa uwanja alinipa meza yako na akasimama nami. Bendera nyekundu juu, vikinga masikio shingoni, hakuna risasi hata moja mezani. Nilikuwa nimemwomba Mama Halima aje, na alikuja, na sinia lake, akaketi kwenye stuli. Nikaelekeza mtutu kwenye mchanga, nikatoa bolti, nikachungulia, nikaingiza kidole kidogo. Nikaenda nikamwekea kwenye kiganja na sikuachilia.

"Umeshika?"

Aliniangalia mpaka nikainua macho yangu pia. "Nimeshika," akasema. "Na wewe weka hiyo simu mbali." Nilikuwa nimeizima, lakini nilienda nikaiweka kwenye gari.

Nilifuta matundu kwa spiriti. Nilifunga bunduki kwenye mifuko ya mchanga, nikachungulia kupitia bomba tupu mpaka karatasi nyeupe ya shabaha kwenye ukuta wa mawe, nikauleta msalaba wa darubini hapo hapo bila kuitikisa bunduki. Timazi yako bado ina ile kamba ya bluu. Halafu nikasimama, nikafunga macho, nikaiweka begani. Nikafungua. Weusi pembeni. Nikaisogeza darubini mbele kidogo, nikafunga macho tena. Mara ya nne duara likajaa. Nikafanya hivyo tena mara mbili zaidi, na Mama Halima akaanza kuuliza kama ninalala. Ndipo nikakaza, huku kisha kule, kwa ile spana inayopima nguvu, na nikaweka alama ya rangi kwenye kila skrubu nijue ikilegea.

Nilichukua bolti kwa Mama Halima, nikapiga ya kwanza kwa karibu, mita ishirini na tano, kuona tu kama iko kwenye karatasi. Ilikuwepo. Nyusi zangu zote mbili nilizigusa, zilikuwa nzima. Tukasogeza karatasi mpaka mita mia, nikapiga tatu, nikazisubiri zote tatu ziseme kabla sijagusa kitu. Zilikaa pamoja, chini na kushoto. Nikafungua bunduki, nikazungusha vifundo vya darubini nikihesabu kliki za kupanda na kliki za kulia, nikaacha bomba lipoe. Nikapiga tatu nyingine. Baba, matundu mawili yalishikana na la tatu liko kidole kimoja kando, na katikati yao ndipo katikati ya karatasi. Ungesema, "Si mbaya." Najua ungesema hivyo, na ungeniangalia juu ya miwani.

Watu walikuja kuangalia. Yule mteja wa suti alikuwepo, akaichukua karatasi, akapiga mluzi. "Afadhali wewe," akasema. "Hukuwa kama mzee, fundi aliyejigonga." Akaanza kucheka.

"Hakujigonga," nikasema.

Wote wakageuka, labda kwa vile nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Nikawaambia. Nikawaambia darubini ile niliifunga mimi, nikaisogeza nyuma kwa kiburi, sikufunga macho, na baba yangu alipiga bila kukagua kwa sababu iliyofunga ni mikono yangu. Nikawaambia kwamba alama waliyoicheka miaka yote hiyo haikuwa yake, ilikuwa yangu, na aliibeba usoni mpaka kaburini ili mimi nisiibebe. Mzee wa suti alivua kofia, akaishika kifuani, akasema, "Wanjiru, mimi sikujua." Nikamwambia najua hukujua, ni mimi niliyejua.

Kisha Mama Halima, ambaye nilikuwa nimemrudishia bolti naye akaitia kwenye soksi yake ya sufi, akaja akanishika mkono, akanifungua vidole, akaniwekea. Hakuachilia.

Leo nimeandika kikaratasi kipya cha bolti, kwa kuwa sasa mimi ni fundi na fundi hashiki. Jina la kwanza ni la Mama Halima. Kile cha kijani nimekiacha kwenye uzi pia, nyuma yake, na jina langu sikulipitishia mstari.

Lala vizuri, Baba. Jumamosi ijayo nitakuwa mezani tena. Na lile jibu nililokupa mlangoni nikiwa kwa simu, lifute. Nakupa lingine, simu imezimwa, nakuangalia usoni pale penye ile nusu duara.

Nimeshika.

Ni mimi binti yako,
Maitu